Wizara Moja Isihesabiwe Tatu

Kwa miaka kadhaa Tanzania ilikuwa na wizara iliyoitwa Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Aliyeisikia ikitajwa redioni alijua ni wizara moja, yenye waziri mmoja na fungu moja la bajeti. Iandike sasa kwenye fomu ya mtandaoni, ndani ya kisanduku kilichoandikwa "Taasisi zinazohusika", kisha bonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kama aliyetengeneza fomu ameiagiza ikate maandishi kila inapokuta mkato, ukurasa utaonyesha taasisi tatu: Wizara ya Habari, Utamaduni, na kitu kinachoitwa Sanaa na Michezo. Kila moja itapewa kiungo chake, na kwa kuwa haina ukurasa, kiungo kitakuwa chekundu, kikimwalika msomaji aanzishe makala kuhusu taasisi ambayo haijawahi kuwapo.

Aliyejaza fomu hakukosea. Ameandika jina kama lilivyo. Kosa limo katika uamuzi wa tangu zamani kwamba alama moja ya uandishi inatosha kuiambia mashine kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Haitoshi, na wanaoandika Kiswahili wana sababu nyingi za kulisema hilo kwa sauti.

Fomu kama hiyo hupatikana kwenye wiki. Wiki ni tovuti ambayo wasomaji wake ndio wahariri wake. Ya kwanza ilifunguliwa na Ward Cunningham mwaka 1995. Wikipedia ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Leo ina makala maelfu kwa maelfu. Programu inayoiendesha, MediaWiki, inapatikana bure, kwa hiyo vyuo, maktaba na mashirika mengi duniani huitumia kutunza kumbukumbu zao wenyewe. Mwanzoni kila kitu kiliandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa. Baadaye zikaja nyongeza zinazompa mhariri fomu ya kujaza, maarufu kati yake ikiwa Page Forms. Jina la kijiji huwekwa hapa, mwaka pale, lugha zinazozungumzwa pale chini. Kisanduku kinachopokea kitu kimoja hakina shida. Shida iko kwenye kile kinachopokea vingi, kwa sababu Page Forms, isipoagizwa vingine, huuchukulia mkato kuwa mpaka kati ya kitu na kitu.

Mkato ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa karibu. Uko kwenye kila kibodi ya Kiingereza, na waandishi wa Kiingereza huutumia kutenganisha vitu katika sentensi. Faili za CSV, ambazo kila karani wa takwimu amewahi kuzifungua kwenye Excel, zimejengwa juu yake. Zilikuwa zimeshatumika kwa miongo kabla ya waraka wa RFC 4180 wa Oktoba 2005 kuziandikia kanuni. Hata waraka huo ulilazimika kuweka sharti: kitu chenye mkato ndani yake kifungwe kwa alama za kunukuu. Mashine hulielewa sharti hilo. Mwalimu wa Singida anayejaza fomu ya wiki hajaambiwa habari zake, na hata akiambiwa, huenda kisanduku alichopewa hakilitambui.

Mkato wenyewe una sura nyingi. Anayeandika Kiarabu hutumia "،", uliogeuzwa kuelekea upande mwingine. Kiamhari kina "፣". Kichina kina mikato miwili yenye kazi tofauti: "、" hutenganisha vitu vinavyoorodheshwa, na "," huweka pumziko ndani ya sentensi. Kijapani nacho hutumia "、", kisha huongeza nukta ya katikati, "・", kupanga majina kwenye orodha. Lakini nukta hiyohiyo hutenganisha jina la kwanza na la ukoo la mtu mgeni, kwa hiyo fomu ikikata hapo, mgeni mmoja anageuka watu wawili. Kwa jicho la binadamu alama hizi ni ndugu. Kwa mashine kila moja ni namba yake kwenye jedwali la Unicode: mkato wa Kiingereza ni 002C, wa Kiarabu ni 060C, wa Kichina wa orodha ni 3001. Fomu iliyoagizwa kukata penye 002C itaipokea orodha ya miji kumi kutoka kwa mhariri wa Muscat aliyewasha kibodi ya Kiarabu, itaisoma yote kuwa jina la mji mmoja mrefu, na haitatoa onyo lolote.

Kuna mtego wa pili usioonekana kwa urahisi, na huu huwanasa hata wataalamu. MediaWiki imetafsiriwa kwa mamia ya lugha, na walioitengeneza walifanya jambo jema: waliufanya mkato unaoonyeshwa kwa msomaji kuwa sehemu ya tafsiri. Mtafsiri wa Kiarabu huweka wa Kiarabu, wa Kichina huweka wake. Katika toleo la msingi ujumbe huo ni mkato unaofuatwa na herufi " ", ambayo ni nafasi tupu iliyoandikwa kwa namba, kwa maana nafasi ya kawaida iliyo mwishoni hupotea kirahisi wakati tafsiri inahifadhiwa. Umakini wa namna hiyo unastahili sifa. Lakini mkato huo uliwekwa kwa ajili ya kuonyesha tu. Mtengenezaji wa fomu akiutumia pia kukatia kile kilichoandikwa, matokeo yataanza kutegemea lugha iliyochaguliwa na anayeufungua ukurasa. Orodha iliyohifadhiwa kwa mkato wa Kiingereza itakatwa sawasawa kwa msomaji wa Nairobi, na itabaki donge moja kwa mwenzake aliyeweka Kiarabu. Ukurasa ni uleule na data ni ileile, ila majibu ni mawili. Kanuni inayotakiwa hapa ni rahisi kuitamka na wengi huivunja: alama ya kuhifadhia isibadilike kwa lugha, na alama ya kuonyeshea ibadilike kwa lugha.

Kiswahili hutumia mkato wa kawaida, na hapo ndipo baadhi ya watu hudhani kimesalimika. Hakijasalimika hata kidogo.

Chukua orodha ya vitabu. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi waliandika pamoja Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kilichotoka mwaka 1979. Mkutubi aliyefunzwa kazi huanza na jina la ukoo: "Mulokozi, M. M., Kahigi, K. K." Fomu inayokata penye mkato hutoa waandishi wanne, wawili kati yao wakiwa herufi tupu. Msomi anayetafuta vitabu vya Kahigi anaweza kukipata kitabu hiki, anayetafuta "K. K. Kahigi" hakipati. Kwenye wiki inayohesabu vitabu vya kila mwandishi, hesabu ya watu hawa itakuwa si sahihi tangu siku ya kwanza, na kadiri orodha inavyokua ndivyo inavyokuwa vigumu kubaini jina gani lilikatwa na lipi liliandikwa hivyo kwa makusudi.

Wengine walijaribu kutumia neno badala ya alama. BibTeX, programu ya kupanga marejeo iliyotungwa katikati ya miaka ya 1980 na Oren Patashnik na Leslie Lamport na inayotumiwa na wanasayansi hadi leo, huwatenganisha waandishi kwa neno la Kiingereza "and". Mkato ukabaki huru kufanya kazi yake ndani ya jina, jambo ambalo ni zuri. Lakini mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu yake yote kwa Kiswahili akiweka "Mulokozi, M. M. na Kahigi, K. K.", programu haioni waandishi wawili. Inabidi aandike "and" ndani ya faili yake, kisha aiagize programu ichapishe "na".

Je, wiki ya Kiswahili ingeweza kukata penye "na"? Jaribu kwa vitabu vya Shaaban Robert: "Kusadikika, Kufikirika na Adili na Nduguze." Msomaji aliyepita shule ya sekondari anaona vitabu vitatu. Mashine inayokata penye mkato na penye "na" inaona vinne, kwa sababu Adili ametenganishwa na nduguze. Hata kama kitabu hicho kisingekuwapo, zipo nchi: Trinidad na Tobago, Bosnia na Herzegovina, Sao Tome na Principe. Msomaji huzigawa orodha hizi kwa kumbukumbu na uzoefu, vitu ambavyo kisanduku cha fomu hakina.

Kwenye namba mambo huwa mazito zaidi, maana hapo kosa halionekani kwa macho. Tanzania na Kenya huandika elfu moja na mia tano kuwa 1,500, na mbili na nusu kuwa 2.5. Kongo, iliyofuata desturi ya Kifaransa, huandika mbili na nusu kuwa 2,5. Hazina ya CLDR, inayosimamiwa na Unicode na kutumiwa na simu na kompyuta nyingi kujua desturi za kila lugha, imeweka Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo kila kimoja peke yake, na cha Kongo kina mkato wa desimali. Kwa hiyo "2,5" kwenye kisanduku cha vipimo inaweza kuwa mbili na tano, au mbili na nusu, kutegemea aliyeandika yuko Goma au Kigoma. Ndiyo maana Excel kwenye kompyuta iliyopangwa Kifaransa huhifadhi faili za CSV kwa nuktamkato, na ndiyo maana faili iliyotumwa kutoka Bukavu ikifunguliwa Arusha yote hujazana kwenye safu moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Majedwali yatazidi kuvuka mpaka.

Wengi hukimbilia nuktamkato kuwa dawa. Wanaotumia Outlook ofisini wameizoea: humo anwani za wapokeaji hutenganishwa kwa nuktamkato, ilhali Gmail hutumia mkato. Nuktamkato ni nafuu kweli, kwa sababu ni nadra kuikuta ndani ya jina la mtu au la wizara. Hata hivyo Kiarabu kina yake, "؛", yenye namba yake. Tena ndani ya wiki kuna hatari ambayo waandishi wa Kiswahili wanapaswa kuijua kuliko watu wengine wote. MediaWiki inapotoa jina la ukurasa kwa amri yake ya PAGENAME, huugeuza ule mkato wa juu wa "ng'" kuwa "'". Ng'ambo, mtaa mkubwa wa Unguja, ndani ya mashine huwa "Ng'ambo". Mwishoni mwa msimbo huo pana nuktamkato. Kata hapo, na mtaa umekatika vipande viwili, "Ng'" na "ambo". Ng'ombe, ng'ambo, ng'ang'ania: maneno haya ni ya kila siku, nayo huenda hayamo kwenye majaribio ya watengenezaji programu wa California au Berlin.

Mstari wima nao, ambao mafundi wengi huupenda, ndani ya wiki umeshachukuliwa: hutenganisha sehemu za kigezo, yaani kipande kilichoandaliwa ili kitumike kwenye kurasa nyingi.

Wakutubi waliliona tatizo hili mapema kuliko watu wa wiki. Jedwali la herufi la ASCII, lililokamilika katika miaka ya 1960, lilitenga herufi nne, namba 28 hadi 31, kwa kazi ya kutenganisha data tu. Hazisomeki, hazichapwi, wala hazimo kwenye alfabeti ya lugha yoyote. Muongo huohuo Henriette Avram, akiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongoza uundaji wa MARC, mfumo wa katalogi ambao maktaba nyingi duniani ziliufuata. MARC hutumia tatu kati ya herufi hizo: 29 kufunga rekodi, 30 kufunga sehemu, 31 kuanza kipengele kidogo. Ndani ya sehemu ya mwandishi mkutubi huweka mikato kadiri anavyotaka na hakuna kinachokatika, na mwandishi wa pili huandikwa kwenye sehemu yake mwenyewe. Ni zaidi ya nusu karne sasa tangu jibu lipatikane.

Hata wiki zenyewe zinalo jibu hilo mahali pengine. Jamii, yaani makundi ambamo kurasa hupangwa, kwenye Wikipedia ya Kiswahili haziorodheshwi kwa mikato; kila jamii hufungwa ndani ya mabano yake, na ukurasa wenye jamii saba huwa na mabano mara saba. Jamii ikiwa na mkato ndani ya jina lake, hakuna kinachoharibika. Wikidata, hazina ya data iliyo dada ya Wikipedia, iliyofunguliwa Oktoba 2012, ilikwenda mbali zaidi. Mto unaopita nchi mbili hupewa tamko moja kwa kila nchi, na nchi haitajwi kwa jina bali kwa namba: Tanzania ni Q924, Kenya ni Q114. Jina huja baadaye, kwa lugha ya msomaji. Ubora wa njia hiyo unaonekana ukikumbuka kuwa orodha ya nchi ya ISO, inayonakiliwa kwenye fomu nyingi duniani, huiandika nchi hii "Tanzania, United Republic of". Fomu inayokata penye mkato huipata Tanzania, kisha huipata nchi ya pili iitwayo "United Republic of".

Basi cha kufanya kinajulikana. Fomu impe mhariri kisanduku kimoja kwa kitu kimoja, na kitufe cha "ongeza kingine". Page Forms inaliweza hilo tangu zamani kwa kigezo kinachorudiwa ndani ya ukurasa mmoja, na kwa waandishi wa kitabu hiyo ndiyo njia sahihi, maana kila mwandishi anapata sehemu ya jina la ukoo na ya jina lake la kwanza. Ipo pia aina ya kisanduku ambamo kila jina likikamilika hufungwa kwenye kibonge chake. Inapendeza machoni, ila anayeiweka asidanganyike: nyuma ya pazia majina hayo huungwa tena kwa alama ileile iliyopangwa, na kama ni mkato, tatizo liko palepale limejificha.

Upande wa pili una hoja ya kweli. Mhariri aliye na simu, mtandao wa kusuasua na kifurushi kinachokwisha, hataki kubonyeza "ongeza kingine" mara ishirini ili aingize vijiji ishirini vya kata moja. Anataka kubandika orodha yote mara moja. Apewe nafasi hiyo. Lakini programu ikishapokea alichobandika, izitambue sura zote za mkato, wa Kiarabu, wa Kiamhari na wa Kichina. Imwonyeshe vipande ilivyovipata kabla ya kuhifadhi. Na imwachie uwezo wa kuunganisha upya vilivyokatwa vibaya. Chini ya kisanduku iandikwe kwa Kiswahili chepesi ni alama gani inayokata. Maelezo hayo ni mstari mmoja tu, na fomu nyingi hazina hata huo.

Linalouma zaidi ni kuchelewa. Kubadilisha alama ya kukatia wakati wiki ina kurasa chache ni kazi ya jioni moja. Ikishajaa, kila ukurasa wa zamani unakuwa na mikato ambayo hakuna ajuaye ipi ilikuwa mpaka na ipi ilikuwa sehemu ya jina, na hapo hakuna programu ya kuusafisha. Inabidi mtu akae asome. Kazi hiyo kwa kawaida huwaangukia wahariri wa kujitolea, walewale wachache wanaotakiwa waandike makala mapya.

Kwa hiyo vyuo, halmashauri na vikundi vinavyofungua hazina za Kiswahili mtandaoni vifanye jaribio hili kabla ya kuzindua. Ingizeni jina la taasisi lenye mikato miwili, waandishi wawili walioanzishwa kwa jina la ukoo, Adili na Nduguze, Ng'ambo, na 2,5 iliyoandikwa na mtu wa Goma. Hifadhini, fungueni ukurasa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, mhesabu vitu vilivyotokea. Hesabu isipolingana, fomu haijawa tayari, hata kama kadi za mwaliko wa uzinduzi zimeshagawiwa.

Na wewe msomaji unayejaza fomu hizi, ukiona jina la kitabu chako au la mtaa wenu limekatika, usilifupishe ili liifae mashine. Liandike kama lilivyo, kisha fungua ukurasa wa majadiliano, ambao huambatana na kila ukurasa wa wiki, uwaeleze wasimamizi uliandika nini na mashine ikatoa nini.